Kulabu ya Ortwin

Kulikuwa na watu wa aina mbili ambao Reinhild hakuweza kuwavumilia: wanaochungulia na wanaovaa. Kwake yeye walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza hujificha kwenye vichaka, wa pili huingia langoni na kukusalimia.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi, alipoona tangazo limebandikwa kwenye kibanda cha bia cha Dörte langoni, alilibandua, akalikunja, akaenda nalo moja kwa moja hadi kwenye karavani la mwenyekiti. Alikuwa kama alivyozaliwa, kandambili miguuni na taulo begani. Umri wake ulikuwa umepita sabini, na mwili wake wote ulikuwa rangi moja ya mkate ulioiva, bila ule mstari mweupe unaoachwa na chupi. Mstari ule kambini hapo ulikuwa aibu. Mwenye nao ni mgeni.

"Jörn! Hebu toka nje!"

Jörn alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Naye hakuwa na kitu mwilini, maana katika kambi ya ziwa Krummsee hata mwenyekiti akigombana hugombana uchi.

"Huu upuuzi ndio nini?"

"Si umeshausoma? Kesho mkutanoni tunapiga kura. Anayetaka kuvua avue, anayetaka kuvaa avae. Basi."

"Kwa hiari."

"Kwa hiari, ndiyo. Kambi zote za jirani zimeshabadilika. Tumebaki sisi tu na ulazima wetu, utadhani tuko jeshini. Vijana hawaji, Reinhild. Angalia hapa, wote tuna magoti ya bandia."

"Wewe umekuja juzi na karavani lako la Hannover, leo unatufundisha?"

"Juzi? Mwaka wa kumi na mbili huu!"

"Ndiyo hiyo juzi ninayosema."

Jörn alikunywa kahawa yake taratibu ili asiseme lililokuwa mdomoni. Alikuwa mtu wa Ujerumani Magharibi, mwenye adabu ya ofisini, na kila alipokasirika alitabasamu. Tabasamu hilo Reinhild alilichukia kuliko matusi.

Watu wa Krummsee walikuwa wakioga uchi tangu zamani za Ujerumani Mashariki, na hawakuwa na sheria yoyote. Nani aandike sheria ya kuvua viatu kabla ya kulala? Polisi wa wilaya aliwahi kuja na pikipiki kuwaamuru wavae. Walimwambia kuna joto, akae kidogo. Kiangazi kilichofuata alikuwa mwanachama. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka, na wageni wakaja na nguo zao za kuogelea za rangi rangi, wakaketi ukingoni na kamera, wakala soseji huku wakitazama watu kama wako bustani ya wanyama. Hapo ndipo sheria ilipoandikwa: ukishapita kulabu, hakuna hata uzi. Walioitunga walikuwa Reinhild na Ortwin, na mkono wa kwanza kunyanyuliwa ulikuwa wa Ortwin.

Kulabu zenyewe zilikuwa kwenye ukuta mrefu wa mbao ndani ya lango. Kila mwanachama alikuwa na yake, na ilikuwa yake hadi afe. Pale uliacha nguo, na pamoja na nguo uliacha jina la ukoo, cheo na kazi. Ndani watu waliitana kwa jina moja tu. Kuna mwaka hakimu alicheza mpira wa wavu timu moja na mtu aliyemfunga miezi sita, na walishinda kombe. Kwa hiyo mtu akikuita bwana fulani au bibi fulani ndani ya kambi, amekupiga kofi.

"Sawa," Jörn alisema, akitabasamu. "Kura itaamua, Bibi Stüwe."

Mwanamke aliyekuwa akianika taulo karavani la pili aliacha kuanika. Reinhild alihisi damu inampanda hadi masikioni. Alichana lile tangazo mara mbili, akalitumbukiza ndani ya kahawa ya mwenyekiti.

"Kunywa," alisema. "Ortwin akirudi atakuta kambi yake, si ufuo wa watalii. Na hilo nitahakikisha mimi."

Ortwin ndiye aliyekuwa moyoni mwake mwaka ule wote. Walikuwa wameogelea pamoja kila asubuhi ya kiangazi tangu wote wawili wana nywele zenye rangi, kutoka gati la mbao hadi kwenye matete ya ng'ambo na kurudi. Alikuwa pande la mtu, kitambi mbele, ndevu kama fagio, kovu la bega alilolipata kiwandani. Au labda si kiwandani, maana Reinhild hakuwahi kumuuliza kazi yake. Hakuwajua wanawe wala mtaa wake. Alijua anavyopumua akichoka, na kwamba kabla ya kuingia majini hulowanisha shingo kwanza. Mumewe Reinhild alipofariki, siku baada ya mazishi alikuja ziwani akiwa hajui aende wapi. Ortwin hakumpa pole. Alimwambia, "Maji ya baridi leo. Twende." Wakaogelea, na katikati ya ziwa alilia kwa mara ya kwanza.

Kiangazi kilichopita Ortwin hakuja. Dörte, mwenye kibanda cha bia langoni, ambaye aliishi mtaa mmoja na Ortwin mjini, alileta salamu: anaumwa, lakini atarudi. Tangu hapo kulabu yake ilikaa tupu, na Reinhild aliilinda kama mbwa mkali. Aliyetundika pale alikuta suruali yake chini kwenye mchanga. Hakutaka kingine kwa kiangazi kile ila Ortwin arudi, waogelee kama kawaida yao, na ufuo uwe vile walivyouacha.

Mchana wa siku ile jua lilikuwa kali na ufuo umejaa. Reinhild alikuwa amelala kifudifudi kwenye taulo lake, bado anatafuna hasira za asubuhi, aliposikia minong'ono. Aliinua kichwa.

Kwenye jiwe bapa kando ya gati aliketi mtu aliyevaa. Na si kaptula peke yake. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia ya chepeo, miwani myeusi. Aliwapa watu mgongo, lakini kila mara aligeuza kichwa polepole, akaangalia ufuo kutoka upande hadi upande, halafu akatazama maji tena.

"Huyo ni nani?"

"Hatumjui. Ana nusu saa pale."

"Na nyote mmekaa kimya?"

"Jörn si amesema hiari," mtu mmoja alidakia, na watu wakacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomwinua. Reinhild aliinuka, akajikung'uta mchanga mapajani, akaenda. Njiani sauti yake ilimtangulia.

"Wewe bwana! Wewe uliyejifunika! Umepotea au umekuja sinema?"

Yule mtu aligeuka. Alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, kidevu kimenyolewa na cheupe kama unga. Shati lilimning'inia. Vidole vyake vilikuwa kwenye kifungo cha juu.

"Nilikuwa nasubiri mtu," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, kama inatoka chumba cha pili.

"Nyote husema hivyo. Mwaka juzi kulikuwa na mmoja anasubiri mtu na kamera kwenye kikapu cha mkate. Sikia, hapa anayeficha ana cha kuficha. Vua au potea!"

Nyuma yake watu walianza kupiga makofi. Mmoja alipiga mluzi. "Vua! Vua!" waliitikia, nusu kwa mzaha, nusu kwa hasira ya watu waliochoka kutazamwa. Yule mtu alimwangalia Reinhild kutoka nyuma ya ile miwani kwa kitambo. Kisha akakifunga kile kifungo.

"Haya," alisema.

Alisimama kwa kushika jiwe. Watu walikuwa wamejipanga upande wa lango, wakicheka, kwa hiyo hakupita huko. Alikata njia ya matete kando ya maji, mkono mmoja umekaa tumboni, akatokomea. Reinhild alirudi kwenye taulo lake akipigwa mgongoni kwa pongezi, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira yake ilitulia. Usiku alilala vizuri.

Mkutano ulifanyika kesho yake, Jumapili, kwenye uwanja wa mpira wa wavu, kila mtu juu ya taulo lake kama desturi inavyotaka. Jörn alianza. Aliongea vizuri, lazima tuseme kweli. Alisema chama kinakufa. Alisema dunia imebadilika, siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, vijana wanaogopa. Alisema kuna watu wana sababu zao za kufunika miili, na si kazi ya chama kuwahoji sababu hizo.

"Sababu gani?" Reinhild alidakia kabla hajapewa nafasi. "Taja moja."

"Reinhild, subiri zamu yako."

"Huna hata moja. Basi mimi nitawaambia." Alisimama. Hakuwa mrefu, lakini alipoongea watu waliacha kutafuna. "Nina mshono wa kisu kutoka kitovuni hadi hapa. Ulla pale hana titi la kushoto. Heiko anaacha mguu wake wa bandia kwenye mchanga, mbwa wanaunusa. Kuna anayemtazama? Hakuna. Kwa nini hakuna? Kwa sababu wote tuko sawa! Ukimruhusu mmoja tu avae, yeye anakuwa mtazamaji, na sisi tunageuka maonyesho. Siku hiyo Ulla ataanza kujifunika. Halafu Heiko. Halafu mimi. Hiari yako hiyo, Jörn, haimwachi mtu yeyote na hiari."

Hata waliotaka mabadiliko walitazama chini, maana maneno yalikuwa na ukweli wake.

"Jana," aliendelea, na sasa alianza kunogewa, "jana amekuja mmoja, amejifunga kama maiti, kofia, miwani, suruali. Amekaa pale kwenye jiwe akituhesabu mapaja. Mlimwona! Nilimwambia vua au potea, na mliona alivyoondoka mbio kwenye matete, mkono tumboni kama kaiba kuku!"

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa.

"Mnataka watu wale wawe wanachama? Mnataka Ortwin arudi hapa kutoka kitandani kwake, akute wale wamekalia jiwe lake la miaka yote?"

Mikono ilipandishwa. Hapakuwa na haja ya kuhesabu sana. Sheria ilibaki, na Jörn, safari hii bila tabasamu, alikunja taulo lake akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Reinhild alikwenda langoni kujinunulia bia ya ushindi. Alipopita kwenye kulabu akasimama. Kwenye kulabu ya Ortwin palikuwa na koti.

Koti la kijivu, la mtu mzima, limetundikwa vizuri kwa kitanzi chake. Damu ilimchemka upya. Siku yenyewe, saa yenyewe, kuna mtu ana ujasiri huu! Alilinyakua, akalitupa chini, na kwa kuwa bado alikuwa na kelele za mkutano kichwani, akalikanyaga kwa kandambili.

"Ee! Unafanya nini?" Dörte alitoka kibandani mbio, mikono ina harufu ya samaki wa siki. "Hilo si la Ortwin!"

"Ndiyo, si la Ortwin, ndiyo maana nalitupa!"

"Nasema hilo si ni la Ortwin? La kwake! Kalitundika mwenyewe jana." Dörte aliliokota, akalikung'uta mchanga. Kisha uso wake ukachangamka. "Kwani hamkuonana? Nilimfungulia mchana kabla sijaenda mjini kuchukua mikate. Nimerudi jioni, nikajua mmeshaogelea wee mpaka mmechoka."

Reinhild aliangalia lile koti.

"Nilimruhusu apite na nguo zake, usinigombeze. Maskini, amekatwa utumbo. Wamemtoboa hapa tumboni, haja inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko, anautembeza mwilini mchana na usiku. Kwa kuumwa kule amekwisha, mbavu tupu, na ndevu wamemnyoa. Akaniambia, Dörte, niache niingie hivi hivi, nikae kwenye jiwe nimsubiri Reinhild. Nikamwambia nenda, Reinhild akikuona..." Dörte alimtazama usoni. "Reinhild? Mlionana?"

Kuna jambo linalowapata watu wa kambi zile ambalo wengine huwa hawaliamini. Hupishana madukani mjini wasijuane. Reinhild mwenyewe aliwahi kupanga foleni nyuma ya mwanamke anayelala naye ufuoni kila Jumapili, asimtambue mpaka alipoinama na mgongo wake ukaonekana. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwona Ortwin ndani ya shati. Angemjua kwa bega, kwa kitambi, kwa namna anavyolowanisha shingo. Ortwin alikuja na kile kitu kimoja ambacho Reinhild hakukijua kabisa, nguo.

"Anakaa wapi?" aliuliza.

Alivaa gauni, akavaa na koti la mvua juu yake ingawa hakukuwa na mvua, akapanda basi la mjini na lile koti la kijivu mapajani. Njia nzima alilifuta kwa kiganja mahali alipolikanyaga. Alama ya kandambili haikutoka.

Nyumba ilikuwa moja ya zile ghorofa ndefu za zamani, na Ortwin alikaa juu kabisa. Alifungua mlango akiwa na sweta lililofungwa hadi shingoni. Bila ile miwani macho yalikuwa yake, yale yale. Reinhild alishangaa jinsi alivyoweza kuyakosa.

"Ortwin," alisema. "Sikukujua. Naapa sikukujua."

Ortwin aliangalia gauni lake, koti la mvua, viatu vyake vya kufunga kamba. Alimtazama kama mtu anayesoma jina kwenye mlango.

"Habari ya jioni, Bibi Stüwe," alisema.

Reinhild alishika fremu ya mlango. "Usiniite hivyo."

"Ndilo jina lako. Dörte alinitajia. Na mimi ni Bwana Behnke, kama hukujua, limeandikwa hapo kwenye kengele." Alilichukua koti lake, akaiona alama ya kandambili, akalikunja alama ikiwa ndani. "Asante kwa kunirudishia."

"Kesho naitisha mkutano mwingine. Tutabadilisha. Nitasema mwenyewe, mbele ya wote. Utavaa utakacho, utakaa kwenye jiwe lako, hakuna atakayefungua mdomo."

"Uniruhusu?" Sasa sauti ile nyembamba ilipata makali. "Mimi ndiye niliyenyanyua mkono wa kwanza, umesahau? Ile sheria naipenda. Anayevaa anatazama, anayevua anatazamwa, tuliandika wote. Unadhani nilikuja kukaa pale na suruali mpaka jioni? Nilikuja kuvua, Bibi Stüwe. Nilitaka tu uwe wa kwanza kuona, kabla ya wengine, ili nikikuangalia usoni nijue kama naweza. Miezi yote hospitali nilikuwa najiambia, Reinhild atatazama, atasema maji ya baridi leo, na mambo yataisha. Nilikuona unakuja. Nikaanza kufungua vifungo."

"Ungesema! Ungeita jina langu tu!"

"Ulikuwa unapigiwa makofi."

Reinhild alijua njia moja tu ya kusimama mbele ya mtu bila uongo. Akaanza kufungua vifungo vya koti la mvua, kimoja, cha pili, kisha kile cha gauni shingoni.

Ortwin aliangalia chini, kwenye ngazi.

"Jifunge, bibi," alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgeni. "Hapa kuna majirani."

Akafunga mlango. Reinhild alisikia komeo, halafu hatua za mtu anayeburuta miguu, halafu redio.

Alishuka ngazi akishika ukuta. Kituoni aliketi na vifungo vyake vimefungwa mrama, upande mmoja juu, mwingine chini. Basi la kutoka ziwani lilisimama, wakashuka Ulla na Heiko, nywele bado mbichi, wakicheka, bado wanaigiza yule mtu wa matete alivyokimbia na mkono tumboni. Reinhild aliwainulia uso. Walimpita karibu kabisa, mkoba wa Ulla ukamgusa goti, akasema samahani mama, wakaenda zao.